Mjerumani wa Nafasi ya Sita

Mie nna Mjerumani wangu. Nimekaa naye miaka kumi na zaidi, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na namjua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye mpaka anaingia kaburini sikuwahi kuwa na hakika kama chai yangu ya tangawizi aliipenda au aliinywa kwa kuniogopa. Mjerumani mwenyewe alikufa zamani, mie sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kucheza sataranji. Hakuwa bingwa. Alikuwa wa sita.

Wanaonijua wanasema natia chumvi, na kweli naitia, chakula bila chumvi hakiliki. Lakini hapa nasema lilivyo. Miaka ile kabla ya vita vya kwanza vya dunia, Ulaya ilikuwa na miji yenye maji ya moto yanayotoka ardhini, matajiri wakienda kuloweka magoti yao, na wenye hoteli wakiwaalika wacheza sataranji ili matajiri wapate cha kutazama magoti yakilowa. Mjerumani wangu alialikwa kote. Alikuja na koti lake moja, akacheza wiki tatu, akamaliza wa sita. Mwaka wa pili akaja tena, akamaliza wa sita. Walipompenda sana walimpa zawadi ya mchezo mzuri, ambayo ni zawadi wanayopewa wale ambao hawakushinda.

Kitabu kina picha yake moja tu. Wamesimama wacheza sataranji wote wakubwa wa dunia mbele ya hoteli, na yeye yuko mstari wa nyuma, nusu ya uso wake imefunikwa na kofia ya bingwa. Basi mie mtu huyu nimemjua kwa sikio moja, jicho moja na nusu ya masharubu. Na siku ya kwanza nilipoiona picha ile nikasema huyu ni wangu, kwa sababu hata mie picha zote za ukoo wetu niko nyuma nimeshika sinia.

Aliyenijulisha naye ni kaka yangu mkubwa. Enzi zile Unguja ilipokuwa ikipeleka vijana kusoma Ujerumani ya Mashariki, naye alipelekwa, akasomea mambo ya bandari. Mie nilikuwa mtoto wa mwisho, nakumbuka mguu wake tu ukipanda gari. Tulikuja kukutana tena huku Maskati, kila mtu kaja kwa njia yake, yeye akiwa na koti zito ambalo ukilivaa hapa mwezi wa sita watakuzika nalo, na kitabu chenye jalada la kijani kuhusu maisha na michezo ya Mjerumani wa sita. Namuuliza kwa nini hakununua kitabu cha bingwa. Akanambia cha bingwa kilikuwa kimekwisha.

Kwa miaka mingi kitabu kile kilikaa kabatini kwake. Alikuwa mtu wa wizara, ana dereva, ana mihuri. Mie nilikuwa mtu wa nyumba. Shule niliachishwa nikiwa sijakamilisha hata kuandika jina langu vizuri, tukahama, nikaolewa, nikazaa, nikalea. Nilipokwisha kulea ndipo nilipojiandikisha shule ya jioni, hapa hapa Khuwair ya Kusini, nikakaa dawati moja na wasichana ambao mama zao niliwabeba mgongoni. Hesabu ilinitoa jasho, sarufi ya Kiarabu ilinitoa machozi, lakini cheti nilikipata. Nimekitundika sebuleni, na fremu yake ni kubwa kuliko televisheni. Jamaa walikuja kunipongeza. Wote walisema neno moja: "Kusoma hakuna umri." Yaani walichokiona ni umri.

Kaka peke yake ndiye ambaye hakusema hivyo. Alikuja Ijumaa ile na kitabu cha kijani chini ya kwapa na ubao wa sataranji, akasema, "Sasa wewe msomi. Kaa hapa tusome."

Basi ndivyo tulivyoanza. Tukishakula, na vyombo vikishaondoka, yeye anasoma Kijerumani kimoyomoyo midomo ikichezacheza, halafu ananiletea kwa Kiswahili, na palipo pagumu anapita kwa Kiarabu. Mie napanga kete. Alinifundisha askari wanavyotembea, ngome zinavyokwenda, tembo anavyokwenda mshazari, farasi anavyoruka. Alinambia kwamba huyu sie tunayemwita waziri, mwenye nguvu kuliko wote, kwa Wajerumani ni bibi.

"Bibi hasa?"

"Bibi. Na mfalme anajificha nyuma yake."

"Hiyo nchi ungenipeleka nikiwa kigori," nikamwambia, "saa hii ningekuwa mbali."

Mara moja katika maisha yake Mjerumani wetu alimfunga bingwa wa dunia. Ukurasa ule kaka aliusoma wima, kama anasoma khutba. Kumbe bingwa siku hiyo alikuwa na jino linamuuma. Kitabu kimesema, kimetaja mpaka upande wa jino.

"Hebu ona uadui huu," kaka akasema. "Akifungwa, kafungwa yeye. Akifunga, limefunga jino."

Tulicheka mpaka paka akatoka chumbani. Lakini kuna ukurasa mmoja hatukucheka. Mjerumani alikuwa na rafiki, mcheza sataranji mwenzake, mtu wa mji mmoja naye. Kipindi kizima cha baridi walikaa mkahawani wao wawili wakitengeneza ufunguzi mpya wa mchezo, hatua kwa hatua, wazo likiwa la Mjerumani na rafiki akimsaidia kulijaribu. Ulikusudiwa mashindano makubwa ya majira ya joto. Siku ya mwisho ya mashindano Mjerumani angekutana na mtu anayeongoza, na kwa ufunguzi ule angemfunga, na kwa mara ya kwanza asingekuwa wa sita. Siku moja kabla, rafiki yake akautumia yeye. Akaucheza mbele ya watu wote, akashinda, akapigiwa makofi. Kesho yake Mjerumani alipokaa mezani, yule mwingine alikuwa ameshauona, ameshautafuna usiku kucha. Akamaliza wa sita.

Kaka alikifunga kitabu kidole kikiwa ndani. Macho yake yalikuwa na maji, wallahi, mtu mzima aliyekuwa akitia saini mbele ya mawaziri. "Yule si rafiki," akasema. "Mtu ukala naye, ukafikiri naye kichwa kimoja, halafu akakichukua kichwa akaondoka nacho."

"Na Mjerumani alimsamehe?"

"Kitabu hakisemi."

"Ukurasa wa pili je?"

"Ukurasa wa pili wamo kwenye treni pamoja, wanakwenda mashindano mengine."

"Wamekaa kiti kimoja?"

"Kitabu hakisemi, bibi wee. Niletee chai."

Basi ikawa msemo wetu. Nikimuuliza samaki aliyeleta ni wa leo au wa jana, hunambia kitabu hakisemi. Akiniuliza kama nimepungua mwili, namwambia kitabu hakisemi. Sie wawili tu tuliokuwa tukielewa.

Sasa niwalete kwa Daktari. Binti wa kaka yangu, ambaye mie ni shangazi yake na nimemlea nusu, alichumbiwa na kijana mzuri, mhandisi, na baba wa kijana ni daktari mstaafu, mmoja wa watu wetu. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa sataranji kwa wazee wote wa pwani waliomo mji huu, kuanzia Maskati ya ndani mpaka Seeb. Walikuja kwa kaka kutia neno la posa, nami nikiwepo kusaidia mapokezi. Daktari akaona ubao mwingine wa kaka, wa kujifanyia mazoezi, uko pembeni ya makochi.

"Nani anacheza hapa?"

"Mimi na mdogo wangu huyu," kaka akasema.

Daktari akanitazama kama ninavyotazama mimi nyanya sokoni, kwa upole, lakini bila kununua. "Mashallah. Lakini wanawake karata inawafaa zaidi, shangazi. Sataranji inataka mtu aweze kukaa kimya."

"Kimya nnakiweza, Daktari," nikamwambia. "Nimewahi kuolewa."

Watu walicheka, naye alicheka, si mtu mbaya. Akasema basi tutacheza, siku ile jamaa wa pande mbili watakapokwenda kula pamoja ufukweni Yiti, mwezi mmoja na nusu kabla ya harusi. Alisema kama mtu anavyomwahidi mtoto pipi.

Nilitaka kitu kimoja tu, na sitaki mtu akikosee. Nilitaka kumfunga Daktari mchana kweupe, mbele ya jamaa wote, sahani za pilau zikiwa mikononi, pasiwe na wa kusema nilibahatisha wala wa kusema hakuna umri. Mtu kashafika miaka sitini na kitu, hajawahi kushinda jambo lolote mbele ya watu. Nilizaa, wakasema hongera baba. Nilipika, wakasema nyama ilikuwa nzuri. Basi hilo moja nilitaka liwe langu.

Kaka alifurahi kuliko mimi. Alifungua kitabu palipo na mchezo mmoja uliompa Mjerumani zawadi, hatua zake tulizihifadhi kama sura fupi. Mtego wake ni huu: mapema sana unampa mwenzio tembo bure. Hana sababu ya kukataa. Anamla, anajiona tajiri, na hatua chache baadaye mfalme wake hana pa kutokea. Yule aliyechezewa na Mjerumani inasemekana alikaa akitazama ubao mpaka taa zikazimwa hotelini, na mie naamini, maana hata sie tukiujua mwisho wake tulikuwa tukishtuka.

Ijumaa hadi Ijumaa tuliusuka. Yeye alikuwa Daktari, mie nilikuwa Mjerumani. Kila alipokimbilia nilimkuta. Ijumaa moja alikuwa amebanwa, hana la kufanya, akamshika farasi wake akamrudisha nyuma mpaka pembe ya ubao, mahali ambapo farasi hapelekwi kwa hiari na mtu mwenye akili zake. Akasema kwa mzaha, "Tumuweke bi harusi ndani, asionekane na watu." Maana siku zile nyumba nzima ilikuwa na mazungumzo ya kumweka ndani binti yetu, asingwe kwa liwa na manukato.

Kisha nikatazama, akatazama. Farasi pale pembeni alikuwa amelinda kila kitu. Mtego mzima ulikuwa umekufa, na tembo wangu kaliwa bure.

"Ala," kaka akasema pole pole.

Tulikaa mpaka alasiri tukitafuta njia ya kumtoa bi harusi ndani. Haipo. Nilitaka kuuacha ufunguzi, lakini kaka alinambia, "Nani atafikiri hatua hiyo? Vitabu vyote vinakataza. Hata simu haiitaki." Na kweli, tulimuuliza yule mjuzi wa sataranji wa kwenye simu, akatupa hatua nyingine tatu kabla ya hiyo, na zote tatu zilikuwa zinamwingiza Daktari shimoni. Dunia nzima waliojua dawa ya mtego ule walikuwa mie, kaka yangu na paka.

Wiki ya safari, siku ya Jumatano, kaka alikwenda kwa Daktari kuzungumza habari za wapishi wa harusi. Alirudi na bakuli la halwa, akanipitishia kwangu. Nikamwambia tupange kete tujaribu mara moja. Akasema, "Umeshaiva, usijichoshe." Nilidhani anaona haya kuniona nimemzidi. Hivi ndivyo nilivyo, ukinipa halwa nakudhania mema.

Usiku wake binti yetu akanipigia simu. "Shangazi, mfunge baba mkwe, nakuomba. Akishinda atasimulia mpaka siku ya harusi yangu." Nikamwambia atulie, Mjerumani anakuja.

Yiti siku ile palikuwa pazuri, ubaridi wa kutosha kwa shali nyepesi. Tulitandika mikeka mpaka ungedhani tunahamia. Masufuria ya pilau yalitoka garini yakiwa makubwa hivi kwamba lile la mwisho lingeweza kuogeshea watoto wawili. Maji yalikuwa yamejaa, wavuvi wa pale walikuwa wakisafisha nyavu zao mbali kidogo, wakitutazama kama sinema. Tulipokwisha kula, Daktari akanawa, akakunja mikono ya dishdasha, kanzu yake, akasema, "Haya, shangazi. Tusije tukaambiwa tunakuogopa."

Wakatuzunguka. Wanaume upande wake, wanawake na watoto upande wangu, kaka katikati karibu na chupa ya kahawa. Mie nilicheza kete nyeupe. Nilimshika askari wa kwanza kama mtu anayeshika mjusi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, Daktari akinifuata vizuri kabisa, akisema maneno ya kunichangamsha. "Vizuri, shangazi. Umefundishwa." Nikafika pale. Nikamshika tembo, nikampeleka akaliwe.

Kukawa na mguno kwa wanaume. Mmoja akasema, "Kampa bure." Shemegi yangu mmoja aliinama akanisikitikia sikioni. Daktari akamla tembo, akamweka juu ya mkeka kando ya goti lake. Nikaendelea. Hatua nyingine, nyingine, na sasa tulikuwa pale pale ambapo kila mtu katika kitabu, katika simu na katika Ulaya yote anakosea. Nilikuwa nimeshaiandaa sura yangu, nilipanga nisifurahi sana.

Daktari hakufikiri. Hakujikuna hata kidevu. Alimshika farasi wake, akamrudisha mpaka pembeni, akamweka katikati ya mraba wake kwa vidole viwili.

"Tumuweke bi harusi ndani," akasema, akicheka, "asionekane na watu."

Wanaume wakacheka naye, wakidhani ni mzaha wa harusi. Ulikuwa mzaha mzuri, mie mwenyewe niliucheka ulipozaliwa. Nikainua macho nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anamimina kahawa. Kikombe kilikuwa kimeshajaa, naye bado anamimina, kahawa inakwenda kwenye mchanga, na macho yake yako huko huko kwenye mchanga.

Nilicheza mpaka mwisho. Sikulia, sikupindua ubao, ingawa ubao ule ulikuwa unajileta. Mtu akiwa pungufu wa tembo mzima anakufa kidogo kidogo, na mie nilikufa kidogo kidogo mbele ya sufuria za pilau zangu. Daktari alinipa mkono wa heshima kwa mbali, mkono kifuani, akasema nimejitahidi, akasema mtego ulikuwa mzuri ila una tundu. "Tundu dogo tu," akasema. Nikamshukuru. Nikaondoka nikaenda kupakua halwa.

Wakati wa kurudi nilipanda gari la kaka, kama tulivyokuja, mie na yeye na masufuria. Njia ya kutoka Yiti inapita milimani, inapanda na kushuka, na kila kona vifuniko vilikuwa vikilia nyuma yetu. Tulipita kona nyingi vifuniko ndio wasemaji.

"Kaka."

"Naam."

"Bi harusi wetu alitokaje nyumbani?"

Akashika usukani kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, yule ni mkwe."

"Najua ni mkwe."

"Hujui. Daktari alifungwa sataranji barza moja ya Seeb, hakutia mguu pale mwaka mzima. Binti yangu anakwenda kukaa ndani ya nyumba yake. Mimi nimfunge mbele ya watoto wake, kwenye mkeka wangu, juu ya chakula changu? Umeona wapi? Baba yetu aliwahi kumfunga mkwe wake, hata karata? Alikuwa akizitupa karata nzuri chini ya jamvi, mama akifagia anaziokota."

Hilo ni kweli. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe akija kwako anapewa kiti kizuri, kipande cha nyama kisicho na mfupa, na ushindi. Wazee wetu walishindwa na wakwe zao kwa ustadi ambao ungestahili kombe.

"Baba alitupa karata zake," nikamwambia. "Wewe umetupa zangu."

Tukashuka mteremko, vifuniko vikasema.

"Ungenambia nishindwe."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Kisha ningefika nyumbani, ningekasirika siku mbili, na siku ya safari ningeshindwa. Maisha yangu yote nafanya hivyo, wewe shahidi. Ningeshindwa mwenyewe, kwa mkono wangu, na mie na wewe tungejua. Sasa mie nimeshindwa kweli."

"Sikwenda kwa nia hiyo," akasema. "Tulikuwa tunakula halwa. Akaniuliza shangazi anachezaje, nikaona niseme kitu. Ilinitoka kama mtu anavyotoa zawadi."

Nikamfikiria kaka yangu kwenye kochi la Daktari, bakuli la halwa katikati, anampangia kete, anamwonesha tembo anavyoliwa na farasi anavyokwenda pembeni. Na hatua peke yake haikutosha. Alimpa na mzaha wake. Hilo ndilo ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa nakaanga kitu, kinaungua. Hatua ningemsamehe nusu ya njia. Mzaha ule ulikuwa wetu, ulizaliwa nyumbani kwangu, mezani kwangu, Ijumaa yetu.

"Unakumbuka rafiki wa Mjerumani?" nikamuuliza.

"Usinifananishe na yule."

"Ulilia siku ile."

"Yule alitaka kushinda yeye. Mimi sikutaka kushinda chochote."

Nikageuka nikatazama milima mpaka tukafika mjini.

Harusi ilifana, alhamdulillahi, binti alikuwa kama mwezi. Daktari alisimulia meza kwa meza upande wa wanaume, na hadithi ilifika kwetu wanawake kabla ya biriani. Kwa mujibu wa hadithi nilikuwa nimemwacha karibu hana nguo, akaokoka kwa akili zake. Binti yetu alinitazama kutoka kwenye kiti chake cha dhahabu, akainua nyusi. Nikainua zangu. Sikumwambia kitu, wala sitamwambia. Baba yake ni baba yake.

Kaka alikisahau kitabu kwangu, au alikiacha, sijui. Katikati ya wiki nikikosa usingizi wa mchana nakifungua. Kijerumani sikijui, lakini michezo imeandikwa kwa herufi na nambari, na hizo shule ya jioni ilinipa. Baada ya vita Mjerumani alirudi kwenye mashindano. Sikio moja lilikuwa limeharibika, hivyo hakuisikia saa ikigonga kando yake, mara nyingine alishindwa kwa sababu wakati ulikwisha yeye bado anafikiri kwa raha. Hayo kaka alinisomea zamani. Lakini mie nilitafuta kitu kingine, nikakipata: michezo aliyocheza na rafiki yake baada ya lile tukio. Iko mingi, walikutana miaka na miaka. Kila mara Mjerumani akiwa na kete nyeupe alimchezea rafiki yake ufunguzi ule ule alioibiwa. Ule ule, hatua kwa hatua. Anajua kwamba mwenzie anaujua kuliko watu wote duniani, na bado anauweka mbele yake. Mara nyingi walitoka sare. Mara chache alifungwa. Hata mara moja hakumfunga. Nimeipanga yote ubaoni na sijaelewa kama alikuwa anamkumbusha au alikuwa amechoka kutafuta mwingine.

Na katika kuipanga huko, siku moja asubuhi niliupanga na mtego wetu wa tembo, nikamwona bi harusi anatoka. Kweli. Ipo njia. Askari mmoja mdogo wa pembeni, ambaye hakuna anayemtazama, unamsogeza hatua moja kabla hujamtoa tembo, na farasi akirudi pembeni anakuta nafasi haipo. Niliiangalia mara saba, nikaiuliza mpaka simu, simu ikakubali. Nikapiga kofi la furaha, nikageuka kumwambia mtu. Kulikuwa na paka. Nikamwambia yeye, akajilamba mguu. Hatua yenyewe haina jina mpaka leo. Nimejaribu kuipa, kila jina nikilisema peke yangu jikoni linakuwa si la kuchekesha.

Ijumaa iliyofuata, ya kwanza tangu pilikapilika za harusi, kaka akaja kama kawaida yake, na samaki kwenye mfuko. Nikampikia, nikampakulia kichwa cha samaki, kwa sababu ndicho anachopenda na mie si mtu wa kumnyima mtu chakula. Tukala. Vyombo vikaondoka. Akajisogeza kwenye meza ndogo, akapapasa mahali ubao unapokaa.

"Ubao uko wapi?"

"Uko juu ya kabati."

"Na kitabu?"

"Kipo."

Nikatoa pakiti ya karata kwenye droo, nikakaa mbele yake, nikaanza kuzichanganya. Nachanganya vizuri, nilijifunza na wasichana wa shule ya jioni wakati wa mapumziko. Alizitazama karata, akanitazama, akatazama cheti changu pale ukutani kama vile kingemsaidia.

"Wanawake karata inatufaa zaidi," nikamwambia. "Kata."

Akakata. Mkono wake sasa umekuwa wa mzee, sikuwa nimeuona hivyo. Nikagawa tatu tatu. Akazishika zake bila kuzitazama.

"Mdogo wangu," akasema. "Umeshanisamehe?"

"Kitabu hakisemi."

Alicheka. Alicheka kwa nguvu, kama tulivyokuwa tukicheka, akapangusa macho, akaona mambo yamekwisha. Mie nilikuwa natazama karata zangu. Zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja niliyoitupa chini ya jamvi.